Antena ya Etope

"Nani alikuambia kwamba Sakaria yumo ndani ya chemba?"

Tuyakula Hamukoto hakuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi, ingawa mahabusu ya Ondangwa ilikuwa inachemka kwa jua la Oktoba.

"Yeye mwenyewe," alisema. "Alinipigia kabla hajashuka. Ndiyo maana nilikitoa kituo cha Onambome kwenye foleni ya toleo jipya."

Inspekta Lahja Nekwaya alivuta kiti, akakaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Mambo ambayo hayakuwa na ubishi alikuwa nayo kichwani. Sakaria Iitembu, fundi wa vali wa kampuni ya maji, alikutwa amekufa ndani ya chemba ya kituo cha Onambome. Alifunga vali kwa mkono, akashuka kubadilisha mpira uliochakaa, na vali ikafunguka yenyewe. Maji yakamkuta chini. Asubuhi hiyohiyo Tuyakula, mhandisi wa mtandao wa kampuni, alikuwa ametuma toleo jipya la programu kwenye vituo vya kaskazini. Mtambo wa kituo ukishapokea toleo jipya hujizima, hujiwasha, kisha huirudisha vali kwenye amri ya mwisho iliyotoka mjini. Amri ya mwisho ya Onambome ilikuwa kufungua.

Tena kulikuwa na suala la pete.

"Ulimrushia Sakaria pete ya uchumba kwenye banda la kapana, la nyama choma," Nekwaya alisema. "Watu wakiwa wanakula."

"Nilimrushia. Ikaangukia kwenye pilipili. Jioni akaniletea imeoshwa, nikaivaa. Hilo hawakuwaambia?" Tuyakula alinyoosha mkono. Kidole kilikuwa na mstari mweupe. "Mliichukua nyie wenyewe, pamoja na kamba za viatu."

"Nieleze tena mtandao wako. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu angeelewa mara moja." Kwa mara ya kwanza alimtazama Inspekta usoni. "Zamani toleo likibadilika, mtu alipanda gari na kompyuta, akazunguka kituo kwa kituo. Mwezi mzima mchangani. Mimi nikajenga njia. Toleo linatoka kwenye seva hapa mjini, linapigwa muhuri kwa ufunguo wangu, linarushwa kwa redio. Bila muhuri ule hakuna kituo kitakachokubali. Kituo ambacho hakionani na mji kinaletewa na jirani yake. Jirani anabaki na nakala, anaishika mpaka mwenzake apatikane. Mwenzake akikatika wiki nzima, inasubiri wiki nzima. Haipotei."

"Jirani wa Onambome ni nani?"

"Etope. Ule mnara mrefu. Hakuna njia nyingine."

"Seva inasema Onambome ilipokea."

"Ilipokea kweli. Lakini aliyeirudisha kwenye foleni si mimi." Alimgeukia Inspekta, akamwita kwa heshima ya kwao, kama mama. "Tafuteni ufunguo wangu, Meme. Kidude kama flashi, kimefungwa uzi mwekundu. Niliuacha mezani nikaenda kuchukua chai. Niliporudi haukuwepo. Nilidhani nimeupoteza, nikaona aibu kusema. Mchana wakatuambia Sakaria amekufa."

Nekwaya alisimama. Hakumwambia kama anamwamini au hamwamini, kwa sababu hata yeye hakuwa na uhakika.

* * *

Usko Amunyela, mkuu wa uendeshaji wa kampuni, alimpokea kwa mikono miwili na kumkalisha mahali penye feni. Alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimmiminia oshikundu, togwa ya uwele, kwenye glasi kabla hajaulizwa.

"Joto hili, Meme Inspekta. Ng'ombe wanakufa wamesimama. Kunywa."

"Asante, Tate," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Sitakaa sana. Siku ile Sakaria alipofariki, Onambome ilikuwa hewani?"

"Hewani kabisa."

"Na siku za kabla yake?"

"Vituo vyangu havilali. Hatujawahi kupoteza Onambome hata siku moja mwaka huu."

Nekwaya alitikisa kichwa kama mtu anayekubali. Sajini wake, Gerson Uirab, alikuwa Onambome tangu asubuhi, akiongea na akina mama waliokuwa wakipanga madumu kwenye bomba kavu. Wote walimwambia jambo moja: tangu ule upepo mkali ulipopita, taa ya kituo ilikuwa nyekundu, ishara kwamba kimekatika, na iligeuka kijani siku ileile aliyokufa fundi. Kwa hiyo mtu aliyekaa mbele yake alikuwa anadanganya, au hajui kinachoendelea katika vituo vyake. Hakuonekana kuwa mtu asiyejua.

"Sakaria alikuarifu kwamba anashuka chembani?"

"Kwa kawaida humwarifu mhandisi wa mtandao." Amunyela aliipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Inasikitisha. Vijana wakigombana nyumbani, wanaleta hasira kazini. Lakini msichana si mnaye?"

"Tunaye. Yamebaki mambo ya utaratibu tu. Kesho wataalamu wanakuja kutoka Windhoek kuufungua mtambo wa Onambome. Wanasema una kumbukumbu ndani yake. Kila mara vali ilipofunguka na kufungwa, tangu ilipowekwa."

"Kila mara?"

"Hata zile ambazo hazikuonekana kwenye seva ya mjini. Mimi sivijui vitu hivi, Tate. Wao ndio wanasema."

Amunyela aliinua glasi yake, akaishika mbele ya kinywa, kisha akairudisha mezani bila kunywa.

"Wataalamu wazuri hao," alisema.

Nje, Nekwaya aliwaacha askari wawili waliovaa kiraia kwenye benchi la wateja, karibu na mlango wa ofisi ya Tuyakula. Aliwaambia wakae kama watu waliokuja kulalamikia bili. Kisha akampigia Uirab.

"Amemeza chambo?" Sajini aliuliza.

"Amelamba kidogo. Kama ana jambo la kuficha katika ule mtambo, atataka kulifuta leo, na hawezi kwenda huko kwa miguu yake. Atalirusha. Likirushwa, mtambo utajizima na kujiwasha. Unanielewa? Vali tuliifunga kwa mkono tulipomtoa marehemu. Itafunguka tena."

"Nimekuelewa."

"Kaa nje ya uzio. Usishuke kule chini."

"Meme, mimi ni mtoto wa jangwani. Kuogelea kwenyewe sijui. Nishuke kwenye shimo la maji kutafuta nini?"

"Gerson."

"Nipo nje ya uzio, Meme. Nakula andazi."

* * *

Mnara wa Etope ulisimama peke yake juu ya mchanga mweupe, na vichaka vya mopane vikaenda mpaka macho yanapochoka. Chini yake palikuwa na kizimba cha chuma chenye betri na kisanduku cha redio, kimefungwa kwa kufuli la kampuni. Uaundja Kapuire, mkandarasi aliyefunga antena zote za mtandao ule, alishuka kwenye gari la polisi akiwa amekunja uso. Aliambiwa aje na kompyuta yake na mkanda wa kupandia.

"Unaweza kuona yanayopita humu bila kufungua kizimba?" Nekwaya aliuliza.

"Naweza kuona. Kugusa siwezi." Kapuire alichomeka waya kwenye tundu la nje, akaweka kompyuta juu ya boneti. "Kimya. Hakuna kinachopita."

"Mara ya mwisho ulipanda lini?"

"Juni. Wakati wa baridi."

"Hujapanda tena?"

"Nipande kufanya nini? Inafanya kazi."

Nekwaya alizunguka nyuma ya mnara. Pale mchangani palikuwa na kiota cha kunguru kilichoanguka, vijiti na vipande vya waya vimetawanyika, na maganda ya mayai yaliyokauka pamoja na ute wake. Chungu walikuwa bado wanayashughulikia. Aliinama, akaokota ganda moja, akaliweka kwenye kiganja cha Kapuire.

"Kunguru wa huku hutaga Juni?"

Kapuire alilitazama lile ganda.

"Labda upepo," alisema.

"Upepo ulikuja kutoka mashariki. Mapaa ya kule shuleni yote yameangukia magharibi. Kiota hiki kimeangukia mashariki, chini ya antena inayotazama Onambome. Mtu alikitoa ili apate nafasi ya kukaa." Alisubiri. "Daftari lote la simu zako ninaweza kuliomba kwa kampuni ya simu, Kapuire. Sitaki kuliomba. Nataka uniambie wewe."

"Meme, mimi nina mikataba na watu hawa."

"Na Sakaria alikuwa na mama."

Kapuire alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mikono iliyokomaa kwa kamba na spana, na mikono hiyo sasa haikujua ikae wapi.

"Upepo uliipinda antena," alisema. "Onambome ikakatika. Nilimwambia Tate Amunyela siku ileile, akasema niiache, hakuna haraka. Halafu asubuhi ile akanipigia. Akasema nikimbie Etope niinyooshe, sasa hivi, hata chai nisimalize. Nikapanda. Nikakitupa kiota. Nikainyoosha, nikafunga boli. Basi."

"Alikuambia kuna mtu chini Onambome?"

"Hapana."

"Ulijua lini?"

"Mchana. Nilisikia kwa watu." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikahesabu mwenyewe kichwani. Toleo lilikuwa hapa Etope linasubiri. Mimi nilipoinyoosha antena, likapita. Mikono yangu, Meme. Nilipanda nikiwa napiga mluzi."

"Na ukanyamaza."

Kompyuta iliyokuwa juu ya boneti ililia mara moja.

Kapuire aliruka kama aliyeumwa na nge. Alisoma, midomo ikicheza. "Kinaingia. Kutoka mjini. Kifurushi kidogo, si toleo zima." Alishusha ukurasa kwa kidole. "Kinakwenda Onambome peke yake. Kina muhuri."

"Wa nani?"

"Wa Tuyakula."

Nekwaya alishusha pumzi taratibu. Tuyakula alikuwa nyuma ya nondo, bila pete wala kamba za viatu. Popote ulipokuwa ufunguo wenye uzi mwekundu, ulikuwa unafanya kazi wakati huu. Alichukua simu awaamuru wale askari wa benchini waingie, na hapo ndipo alipouona ujumbe uliokuwa umeingia walipokuwa kwenye kile kiota.

Ulitoka kwa Uirab. *Meme, pembeni ya chemba pana majani mabichi. Kuna bomba la pili ndani, naliona kwa juu. Nashuka mara moja kupiga picha.*

Alimpigia. Sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Ndani ya saruji ile hakuna simu iliyopatikana.

"Kapuire. Kikimaliza kupita, itachukua muda gani vali ifunguke?"

"Hapohapo. Mtambo unajiwasha, vali inafunguka."

"Kizuie."

"Kwa nini? Si ulitaka—"

"Sajini wangu yuko chini."

Kapuire aliiacha kompyuta. Alikimbilia kizimba, akalivuta kufuli, akalipiga teke. Chuma hakikujali. "Ufunguo wanao wao. Waya unapita ndani ya bomba la chuma mpaka juu. Siwezi kuukata hapa."

"Kimefika wapi?"

"Kimeshaingia hapa chote. Kinaanza kuvuka. Onambome ni mbali, kinakwenda polepole." Alitazama juu, akatazama kompyuta, akatazama juu tena. "Antena."

"Panda."

Hakuvaa mkanda. Alipanda kama mtu anayefukuzwa, viatu vikilia kwenye vyuma, na kunguru wawili wakatoka vichakani wakaanza kumzunguka kwa makelele. Nekwaya alibaki na kompyuta. Mstari wa kijani ulikuwa unajaa kuelekea kulia, unasimama, unajaa tena. Mkono mmoja alikuwa nao kwenye simu, akipiga namba ya Uirab, akikata, akipiga tena, akisikia mwanamke yuleyule wa mashine akimwambia mambo yaleyale kwa upole uleule.

"Kapuire!"

"Boli zimekaza! Nilizikaza mwenyewe!"

"Kimevuka nusu!"

Juu kule spana iliteleza, ikaanguka ikizunguka, ikajichimbia mchangani karibu na mguu wake. Kapuire alitukana kwa Kiherero. Kisha Nekwaya akamwona akifanya jambo ambalo hakulitegemea. Aliachia ngazi, akaishika antena kwa mikono miwili, akajining'iniza. Mwili mzima ulibembea hewani. Chuma kililia, kikagoma. Akajirusha tena, miguu ikipiga teke upande wa anga, na safari hii mkono wa antena ulipinda kwa mlio mrefu, ukatazama chini, ukatazama mchanga.

Mstari wa kijani ulisimama. Ulibakiza kipande chembamba kama ukucha. Halafu ukageuka mwekundu.

"Umekatika?" Kapuire alipaza sauti. Alikuwa amekumbatia mnara kwa mikono na miguu.

"Umekatika! Usishuke kwanza, pumua!"

Aliwapigia askari wa mjini. Aliyepokea aliongea kwa kunong'ona. Nekwaya alisema neno moja tu, akasikia kiti kikiburutwa, mlango ukigonga ukuta, na sauti pole ya Usko Amunyela ikiuliza kuna nini vijana, kuna nini. Askari akarudi kwenye simu akihema. "Yuko mezani kwa yule dada, Meme. Ufunguo bado umechomekwa. Una uzi mwekundu."

"Msimwache auguse. Nanyi msiuguse."

Kapuire alishuka. Viganja vilikuwa vinatoka damu. Aliinama juu ya kompyuta, akasoma kwa muda mrefu.

"Kifurushi chote kimebaki hapa Etope," alisema. "Hakikupotea. Kinasubiri Onambome irudi. Kimeandikwa kifute kumbukumbu zote za vali."

"Kiache kisubiri. Ndicho nitakachompelekea hakimu."

Simu yake iliita. Alipokea upesi.

"Meme, usikasirike," Uirab alisema. Alikuwa anahema kama mtu aliyetembea haraka juani. "Nimepata. Kuna bomba zuri kabisa, jipya, limeunganishwa chini ya vali. Nimelifuata kwa miguu mpaka kwenye uzio. Kambi ya ng'ombe, birika limejaa pomoni. Ng'ombe wanang'aa utadhani wamepakwa mafuta. Mchungaji ananiambia ni wa Tate Amunyela. Akina mama na madumu yao wako pale, na huku—Meme? Upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Gerson, nikikuona nitakupiga kofi. Mbele ya watu. Ukitaka uniripoti."

"Kilirushwa?" Sajini aliuliza polepole.

"Kilirushwa."

Kwa mbali, kwenye simu, ng'ombe alilia.

* * *

Amunyela alikana jioni hiyo, akakana tena, kisha akaomba maji na kuanza kueleza habari za ukame. Alisema Sakaria alikuwa ameliona lile bomba la ng'ombe wake na kumtishia kumripoti. Alisema hakukusudia. Nekwaya alimsikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi kwa afisa wa zamu, akachukua bahasha ya kahawia kwenye kabati la vitu vya mahabusu.

Tuyakula alikuwa palepale kwenye benchi la saruji. Mlango ulifunguliwa wote, naye hakuinuka.

"Uko huru," Nekwaya alisema. "Vitu vyako hivi."

"Nani?"

Alimtajia Amunyela.

"Vipi? Njia ya Etope kwenda Onambome ilikuwa imekatika. Niliambiwa baadaye, na mmoja wa askari wenu, kwamba taa ilikuwa nyekundu. Kama ilikatika, toleo lilipitaje?"

Nekwaya angeweza kumwambia asubiri mahakamani. Alikaa chini, akamweleza: jinsi Sakaria alivyompigia pia mkuu wake, kwa adabu ya kazi, kwamba anashuka. Jinsi ufunguo ulivyochukuliwa mezani na Onambome ikarudishwa kwenye foleni. Jinsi toleo lilivyofika Etope, likakuta njia imekatika, likakaa. Jinsi mtu mmoja asiyejua kitu alivyotumwa kupanda na kuinyoosha antena.

Tuyakula alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi. Mwisho alifungua bahasha, akaitoa pete, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo lilisubiri," alisema.

"Lilisubiri."

"Halikupotea. Lilipopata njia tu, likapita."

"Ndiyo."

Aliivaa pete. Iliteleza kirahisi, maana vidole vilikuwa vimekonda.

"Basi kilifanya kazi," Tuyakula alisema, "kila kitu, kama nilivyokijenga."

Nekwaya alibaki naye pale kwenye benchi, mlango ukiwa wazi, mpaka afisa wa zamu alipokuja kuuliza kama kuna mtu anayetoka.